Sinema Haikuletwa na Bando

"Mjomba, siku hizi hakuna kisingizio," mpwa wangu aliniambia, akinisogezea simu karibu na pua. Tulikuwa tumekalia magunia kwenye kituo cha kununulia majani ya chai, tukingoja lori la kiwanda ambalo lilikuwa "limefika hapo tu" tangu saa nane. Kwenye kioo cha simu kulikuwa na safu za picha ndogondogo: filamu ya Kijapani, ya Kiirani, ya Kifaransa isiyo na rangi. Mpwa wangu anasoma Chuo Kikuu cha Kabianga, na ni kijana mwenye akili. Maneno yake si yake peke yake. Nimeyasikia kwa walimu, kwa watangazaji wa redio, na kwa kila mtu aliyewahi kulipia filamu mtandaoni akataka na kusifiwa kwa hilo.

Niyaeleze kwa haki kabla sijayatia panga. Wanasema hivi: zamani filamu nzuri, zile zisizo za mabomu na mateke, zilikuwa za watu wa Nairobi wanaoijua njia ya Alliance Française na Goethe. Mtu wa Kericho au Bomet alitazama alicholetewa: Rambo, Bruce Lee, Schwarzenegger, tena kwa mkanda uliochakaa. Leo mlango uko wazi. Kwa shilingi mia kadhaa kwa mwezi, mchuma majani wa Kapkatet anaweza kutazama kazi za Ozu, Satyajit Ray, Sembène au Agnès Varda usiku uleule anaozitazama mtu wa Paris. Umbali umekufa. Kilichobaki ni hamu tu, na asiyezijua filamu hizo ni kwa sababu hajataka kuzijua.

Hoja imepangwa vizuri, na ndiyo maana inaudhi. Niichambue kama karani wa kituo anavyochambua gunia: majani mawili na kichipukizi yapite, makuukuu yarudi nyumbani na mwenyewe.

1. "Zote ziko huko"

Haziko. Tuanze na ghala ambalo wapenzi wa sinema hulitaja kwa kushusha sauti kama watu walio kanisani: Criterion Channel. Lilifunguliwa Aprili 2019, miezi michache baada ya FilmStruck, iliyokuwa ikionyesha filamu zilezile, kufungwa Novemba 2018 na kuwaacha wateja wake wakitazama ukuta. Criterion Channel ni ya Marekani na Kanada. Mtu wa Litein akibisha hodi anaombwa radhi kwa adabu. MUBI inafunguka Kenya, naam, lakini orodha yake hubadilika kutoka nchi hadi nchi, kwa kuwa haki za kuonyesha filamu huuzwa nchi kwa nchi kama vipande vya ardhi. Pasipotarajiwa faida, hapatafutwi hati. Umbali haujafa. Umehamia kwenye mikataba, mahali ambapo hata matatu haifiki.

Hizo ni za wenzetu. Za kwetu je? Sao Gamba alitengeneza Kolormask mwaka 1986. Anne Mungai akatoa Saikati mwaka 1992, na Wanjiru Kinyanjui The Battle of the Sacred Tree mwaka 1995. Hizi ndizo filamu za kale za Kenya, kama neno "kale" lina maana yoyote kwa nchi changa. Nilizitafuta zote tatu kwenye majukwaa mawili ninayolipia. Sikuona hata moja. Nilipoandika "Saikati" jukwaa moja liliniuliza, kwa ukarimu mkubwa, kama nilikusudia tamthilia ya Kikorea.

2. "Ni bei ya chapati mbili"

Bei ya kuingia, labda. Bei ya kutazama ni nyingine, na wanaoimba wimbo huu wote wana waifai ya ofisini.

Filamu ya ubora wa kawaida hula kama gigabaiti moja kwa saa, na ile ya picha safi hufika hata tatu. Huku kwetu watu hawanunui intaneti ya mwezi. Wananunua bando la saa moja, au la saa tatu siku wakijitutumua, na likifa limekufa na kilichomo. Sasa chukua filamu ambayo wachambuzi waliipa nafasi ya kwanza duniani mwaka 2022, katika kura ambayo jarida la Uingereza la Sight and Sound huiendesha kila miaka 10: Jeanne Dielman ya Chantal Akerman, ya mwaka 1975. Ina dakika 201. Inamwonyesha mjane wa Brussels akipika, akitandika kitanda, akimenya viazi, bila haraka yoyote. Bando la saa moja linakata roho Jeanne akiwa bado ana zaidi ya saa mbili za kazi za nyumbani mbele yake. Mama wa Bomet, ambaye viazi anavilima mwenyewe, atakuwa amevimenya, amevichemsha, na watoto wamelala.

Kuna gharama nyingine ambazo hakuna mtu huziandika kwenye tangazo. Stima ikipotea saa moja jioni, simu iliyobaki na asilimia kumi na tano huwekwa kando kwa M-Pesa na dharura, haichomwi kwa ajili ya Ozu. Halafu simu yenyewe ni moja, nyumba ina watu sita. Na mvua! Kericho hunyesha alasiri baada ya alasiri, na nyumba zetu ni za mabati. Filamu nyingi za aina hii hutegemea kimya: mtu anakaa, saa ya ukutani inagonga, anashusha pumzi. Jaribu kusikia mtu akishusha pumzi kwa spika ya simu chini ya mabati yanayopigwa na mvua ya mawe. Nimejaribu. Nilimwona mzee wa Kijapani akifungua mdomo na kuufunga kwa dakika arobaini kama samaki, na mpaka leo sijui kilichomsibu.

Wakati fulani tulipewa bure, msiseme sikumbuki. Septemba 2021 Netflix ilifungua kifurushi cha bure kwa Wakenya wenye simu za Android. Tarehe 1 Novemba 2023 kikafungwa. Chambo huwa bure hivyohivyo.

3. "Programu itakuonyesha"

Hili ndilo la kuchekesha kuliko yote. Programu ya kupendekeza kazi yake ni kukumbuka: umetazama hiki, waliotazama hiki walitazama kile, basi chukua kile. Ni mwenye kioski anayekuuzia sukari leo kwa sababu jana ulinunua sukari. Anayekujua kwa uliyoyazoea atakutambulishaje kwa mgeni? Mpwa wangu alianza na filamu moja ya mapigano ya Kikorea, na sasa ukurasa wake wa kwanza umejaa Wakorea waliolowa damu. Ile ya Kijapani na ile ya Kiirani alizonionyesha pale kituoni alizipata wapi? Nilimbana, akakiri: mhadhiri wake aliandika majina ubaoni.

Mimi pia nina ubao wangu. Ipo filamu ya Basil Wright, Song of Ceylon, ya mwaka 1934, ambayo vitabu vya historia ya sinema huiweka miongoni mwa kazi kubwa za filamu za hali halisi. Iligharimiwa na bodi ya kuitangaza chai ya Ceylon. Yaani ni tangazo la majani lililopigwa kwa ustadi hata watu wakasahau kwamba ni tangazo. Mtu wa Kericho ana haki ya kuiona kuliko mtu wa Paris. Mashamba makubwa ambayo Waingereza waliyaanzisha hapa miaka ya 1920, ya Finlay na yale yaliyokuwa chini ya jina la Lipton, yamenunuliwa katika miaka hii michache na kampuni ya Browns, ya hiyohiyo Ceylon ambayo sasa inaitwa Sri Lanka. Ipo pia Rahi ya K. A. Abbas, ya mapema miaka ya 1950, kutokana na riwaya ya Mulk Raj Anand kuhusu mashamba ya chai ya Assam. Ipo Paradesi ya Bala, ya mwaka 2013, kwa Kitamil: wanakijiji wanashawishiwa na wakala wa kazi, wanapelekwa mlimani kuchuma chai, na wakifika wanakuta deni limewatangulia.

Filamu tatu za majani chai. Simu yangu inajua bei ya mbolea niliyouliza juzi, inajua niko wapi, inajua bonasi ya Oktoba imeingia na kwamba upande wetu wa magharibi ya Bonde la Ufa tumelipwa kidogo kuliko wenzetu wa mashariki. Haijawahi kunipendekezea hata moja kati ya hizo. Nilizijua kwa mwalimu mmoja mstaafu wa historia, mtu asiye na simu ya maana, aliyenichorea majina nyuma ya risiti.

Najua nitajibiwa: mbona ile ya BBC iliwafikia? Kweli, Februari 2023 uchunguzi wa BBC ulionyesha jinsi wanawake katika mashamba haya walivyokuwa wakilazimishwa ngono na wasimamizi ili wapate kazi. Zaidi ya 70 walizungumza na waandishi. Kila mtu huku aliiona. Lakini ilifikaje? Mimi ilinifikia kwenye kikundi cha WhatsApp cha wakulima, ikiwa imekatwa vipande vya dakika mbilimbili, ikiletwa na mama mmoja aliyeandika chini yake neno moja tu: "Tazameni." Jukwaa lilikuwa bomba. Aliyeleta maji ni yule mama.

4. "Banda la video lilikuwa ujinga na wizi"

Hapa ndipo watetezi wa mtandao hupandisha mabega. Wakitaka kuonyesha tulikotoka, hutaja banda la video kama daktari anavyotaja kipindupindu.

Wizi ulikuwapo. Mikanda ilinakiliwa bila idhini, na aliyetengeneza filamu hakupata senti. Siwezi kumtetea mwenye banda mbele ya mtayarishaji aliyeuza shamba ili amalize filamu yake. Lakini ujinga? Keti nikusimulie.

Mwaka wa mvua za El Niño, 1997, kulikuwa na banda karibu na kambi za wafanyakazi wa shamba moja la chai. Mabati pande zote, madirisha yamezibwa kwa magunia, benchi za mbao zisizorandwa, televisheni ya inchi 21 na deki iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli. Nje kulikuwa na jenereta, na ubao wa chaki wenye jina la filamu lililokosewa herufi. Kiingilio shilingi kumi. Wachuma majani waliingia na epironi zao za plastiki bado zinatiririka maji, na harufu ya humo ndani ilikuwa ya buti, mahindi ya kuchoma na mafuta ya jenereta. Mwenye banda alikaa kando ya televisheni na fimbo, akitafsiri. Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza na Kichina hakuwa nacho kabisa, lakini hilo halikumzuia. Kila mtu kwenye kioo aliongea Kikipsigis safi, pamoja na Bruce Lee.

Jioni moja mkanda wa mapigano ulikwama. Akaweka mwingine, ambao alisema aliuokota kwenye katoni la vitu vya padri aliyerudi Ulaya. Ulikuwa wa Kiitaliano, hauna rangi, na baba mmoja ndani yake alikuwa ameibiwa baiskeli. Nusu ya watu walidai kumi yao wakatoka. Sisi wengine tulibaki kwa sababu ya mvua. Mwenye banda alimpa yule baba jina la Kikipsigis, akamfanya mtu wa kibarua, akaeleza kwamba bila baiskeli hakuna kazi na bila kazi hakuna unga. Ndani ya dakika kumi watu walikuwa wakimpigia baba kelele aangalie kushoto. Walibishana kama angeenda kwa chifu. Mzee mmoja alisema baiskeli hiyo imeshavunjwa vipande inauzwa Sondu. Kisha ikafika ile sehemu ambapo baba, baada ya kutafuta mchana kutwa na mwanawe, anaiba baiskeli ya mtu mwingine na kukamatwa mbele ya mtoto. Hapo mwenye banda akanyamaza. Hakutafsiri tena mpaka mwisho, na hakuna aliyemwambia atafsiri.

Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba filamu ile ilikuwa Wezi wa Baiskeli ya Vittorio De Sica, ya mwaka 1948, na kwamba katika kura ya kwanza kabisa ya Sight and Sound, mwaka 1952, ndiyo iliyoshika nafasi ya kwanza. Basi linganisheni wenyewe. Filamu bora ya kura ya 1952 ilifika kambi za chai kwa shilingi kumi, ikaeleweka na watu wasiojua kusoma. Filamu bora ya kura ya 2022 imekwama kwenye bando.

Kazi aliyokuwa akiifanya yule mwenye banda ina wenyewe. Dar es Salaam walikuwa na Lufufu. Kenya tuna DJ Afro, ambaye sauti yake imefika mahali ambapo hakuna maandishi ya chini ya picha yaliyowahi kufika. Uganda wanao mavijei wao, yaani watafsiri wa filamu kama yeye, na kutoka kwenye vibanda vyao Nabwana I.G.G. wa Wakaliga akatoa Who Killed Captain Alex? mwaka 2010, filamu iliyobeba sauti ya vijei ndani yake kama sehemu ya filamu yenyewe. Leo wapenzi wa sinema wa Ulaya na Marekani wanaisimulia kama johari waliyoigundua mtandaoni. Walichogundua ni banda la video! Kitu kilekile wanachotuambia tushukuru kwamba kimekufa, wenzao wanakipigia makofi kwenye matamasha.

Hata mkoloni alilijua hili, na hakuwa na nia njema. L. A. Notcutt alikuwa meneja wa mashamba ya mkonge Afrika Mashariki miaka ya 1920, akafikiri sinema ya shambani ingesaidia kuwaweka vibarua watulivu. Kutokana na fikra hiyo, na fedha za wakubwa zaidi, likazaliwa jaribio la sinema ya elimu kwa Waafrika lililokaa Vugiri, Tanganyika, kati ya 1935 na 1937, na lori lake likazunguka mpaka Kenya na Uganda. Filamu zake ziliwekewa maelezo kwa lugha za wenyeji, kwa sababu filamu isiyo na msemaji ingekuwa mwanga ukutani tu. Sasa majukwaa yetu ya kisasa yanatuletea Ray kwa Kibengali, chini yake Kiingereza chenye herufi ndogo kama sisimizi, kisha tunaambiwa kogo, nyanya yetu wa miaka sabini, ndiye asiye na hamu.

5. "Angalau mtandao umemshinda mdhibiti"

Hili nitalipita upesi. Rafiki ya Wanuri Kahiu ilipigwa marufuku na bodi ya kuainisha filamu Aprili 2018, muda mfupi kabla haijaonyeshwa Cannes. Septemba mwaka huo Mahakama Kuu ikaiachilia kwa siku 7. Wakenya walifanya nini katika siku hizo saba? Walipanga foleni. Walijaza ukumbi Nairobi, wakacheka pamoja na kulia pamoja, na foleni hiyo ndiyo inayokumbukwa. Ikiwa simu inatosha, foleni ile ilikuwa ya nini?

Nirudi pale kituoni. Lori lilifika saa kumi na mbili na nusu, majani yakiwa yameanza kupata joto. Tukiwa tunarudi nyumbani mpwa wangu akaniuliza, kwa sauti ya mtu aliyeshindwa lakini hajakubali, basi nataka nini, tuchome simu?

Nataka ukumbi. Mashamba makubwa yana kumbi za wafanyakazi zinazofunguliwa kwa mikutano na matanga. Shule za upili zina projekta zinazotumika siku ya kutangaza matokeo. Makanisa yana spika zinazosikika mpaka kijiji cha pili, mvua isinyeshe au inyeshe. Watayarishaji wa Kenya wapo hai, wana barua pepe, na wengi wangefurahi kuombwa idhini ya onyesho la Jumamosi moja Bomet kuliko kungoja malipo ya jukwaa. Ningeanza na Supa Modo ya Likarion Wainaina, iliyoonyeshwa Berlin mwaka 2018, ambamo kijiji kizima kinaamua kumtengenezea filamu msichana mgonjwa. Kisha ningeleta Paradesi, niwaweke wachuma majani mstari wa mbele, na kando ya pazia nimweke mtu mwenye Kikipsigis cha kutosha na fimbo.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa nyinyi mnaozijua filamu hizi, mhadhiri wa Kabianga ukiwemo. Acheni kututumia linki. Njooni nazo. Viti tutabeba wenyewe.